Uta Hulala Bila Upote

Kwa mwaka mmoja na miezi miwili uta wa babu ulining'inia ukutani sebuleni kwangu Nairobi, juu ya televisheni, umevishwa upote na kukazwa kana kwamba alfajiri kuna msako. Wageni waliusifu. Wengine walipiga nao picha, jicho moja wamelifumba. Mimi nilisimama kando, mikono kifuani, nikipokea sifa za kitu nisichokichonga wala kukivuta. Msumari ulioushikilia ulikuwa wa inchi sita; niliuchagua mnene makusudi, uta usije ukaanguka. Kumbe uta hauuawi na kuanguka.

Nasema uta kwa sababu ndivyo tunavyosema nyumbani, kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Upinde tumeuachia mvua. Babu alituachia mata mawili na podo moja, na tulivikuta darini jikoni, kijijini, si mbali na Mtito Andei, huko ambako mashamba ya Wakamba yanagusana na mbuga ya Tsavo. Moshi wa miaka ulikuwa umeyapaka rangi ya kahawa iliyoungua. Uta mmoja ulikuwa mrefu, wanifika kidevuni, wa mawindo. Wa pili ulikuwa mfupi, wa kulindia shamba dhidi ya tumbili na nguruwe mwitu.

Kikao cha matanga kikageuka baraza la mata. Shangazi alitaka yachomwe. Alizaliwa mwaka 1957, baba yake akiwa gerezani kwa kosa la ujangili, na tangu utotoni hakupenda kuyaona. Binamu yangu, ambaye anafanya kazi Mombasa, alikuwa amekwisha kupata mnunuzi wa vinyago na vitu vya kale. Bei ni ya mbuzi wawili, alisema, na itapanda iwapo mishale bado ina sumu. Baba alisema tu kwamba mali ya mzee haiuzwi kabla majani hayajaota kaburini. Mimi nikajitolea kuuchukua ule mrefu, kuutunza. Neno hilo, kutunza, linanisumbua mpaka leo.

Shangazi hakukosea. Tsavo ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1948, na watu waliolala wawindaji wakaamka majangili. Majirani zetu Wawaata, ambao wengi huwaita Waliangulu, ndio waliokuwa mabingwa wa tembo. Mata yao yalidai nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuvutwa: nusu gunia la mahindi, juu ya vidole vichache. Mwaka 1956 na 1957 serikali ya kikoloni ilifanya msako mkubwa Tsavo, ikawafagia Wawaata na Wakamba wengi hadi magerezani. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, kando ya mbuga, ili Wawaata wawinde tembo kwa kibali, lakini haukudumu. Miaka ya sabini bunduki zikaingia kwa kishindo, na pembe zikatoka kwa kasi ambayo uta haukuwahi kuiota. Mwaka 1977 Kenya ikapiga uwindaji marufuku. Julai 1989, Rais Moi alipochoma tani 12 za pembe Nairobi, babu alisikia habari hiyo redioni, akauliza kama katika rundo lile kulikuwa na hata moja iliyoletwa na uta.

Sisemi haya kumtetea. Tembo aliyekufa hajali kama aliyemuua alikuwa fundi. Nasema ili ieleweke kwa nini kwetu uta hushikwa kwa mikono miwili, mmoja wa fahari na mmoja wa aibu, na kwa nini hakuna aliyejua tuufanyeje.

Desemba iliyopita nilirudi nao kijijini, nikaupeleka kwa mzee mmoja anayechonga mata ng'ambo ya reli. Nilitaka anitajie thamani yake nipate la kumjibu binamu. Mzee aliupokea, akauegemeza gotini, akaupinda kidogo na kuvua upote kwa kidole gumba kabla hajamaliza kuitikia salamu yangu. Kisha akauinua usawa wa jicho. Uta ukivuliwa upote hunyooka, hurudia umbo la fimbo. Wa babu ulibaki umejikunja, kama mtu aliyepitiwa na usingizi kwenye kiti.

"Umelala na upote siku ngapi?"

Nikamwambia. Akanyamaza kitambo.

"Mjukuu wangu," alisema, "hata ng'ombe hulala amevuliwa nira."

Ndipo akanifundisha, bila haraka, kana kwamba kosa langu lilikuwa ndiyo ada. Uta una tumbo na mgongo. Tumbo humtazama mpigaji, na mti wa upande huo hubanwa. Mgongo hulitazama windo, na mti wake huvutwa. Ukiachwa umekazwa, tumbo hujisalimisha kidogo kidogo. Nguvu yote ya uta ni kwamba mti unakumbuka ulivyokuwa umenyooka, na kila ukivutwa unataka kurudi huko. Mimi nilikuwa nimeufundisha kusahau, tena sebuleni, mbele ya wageni.

Mti wenyewe ni mkole, ule ambao watoto wa machungani hula matunda yake madogo. Fundi hatafuti mnene. Anatafuta ulionyooka urefu wa mtu, usio na fundo, uliokulia mahali pakavu kwa taabu, maana mkole ulioshiba maji hauna uvumilivu. Akishaukata huumenya na kuutundika juu ya meko. Moshi unaukausha polepole usipasuke, na unawafukuza dudu wasiufanye unga. Baadaye huja panga, kisha kisu, na mwisho kipande cha chupa iliyovunjika, kinachoparuza mti vumbi kwa vumbi.

Kazi hasa ni hapo kwenye chupa. Anaupinda kidogo, anautazama. Panapokataa kupinda, anaparuza. Panapopinda kwa pupa, anapaacha. Mti ukishaondolewa haurudishwi, kwa hiyo mkono mmoja wa uta ukizidi kuwa dhaifu, dawa ni kuupunguza ule wenye nguvu mpaka walingane. Fundi asiye na subira huanza na uta wa mtu mzima akamaliza na wa mtoto. Mzee aliniambia anaweza kukaa siku tatu na uta ambao macho yangu yangeapa kwamba umekwisha. "Nauuliza, unanijibu," alisema. Nilimtazama akifanya hivyo kwa uta mpya uliokuwa pembeni yake, na nikaona kwamba kweli alikuwa akingoja jibu.

Upote ni kano za mgongo wa ng'ombe, zilizochanwa nyuzi nyuzi, zikasokotwa zingali mbichi na kunyooshwa zikauke. Wano wa mshale ni kijiti kilichonyooshwa kwa joto la majivu. Manyoya ni ya tumbusi, na hapo si mbali kuyatafuta: Mtito Andei kwa Kikamba ni msitu wa ndege hao. Chembe ni msumari wa inchi sita uliopigwa nyundo ukiwa mwekundu mpaka ukawa bapa, ukatiwa makali na ndoana mbili za kuuzuia usitoke. Aliposema msumari wa inchi sita niliangalia chini.

Sumu hutoka kwa msunguti, ambao Wakamba huuita kivai. Vipande vyake huchemshwa kwa saa nyingi mpaka kubaki kitu cheusi kama lami. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa, Arnaud, aliitenga sumu iliyomo katika mti wa jamii hiyo, na jina inalojulikana nalo maabara, uabaini, limetokana na neno la Kisomali. Inasimamisha moyo. Wazee hawakuwa na maabara, walikuwa na mguu. Mtu hujichanja kidogo, huacha damu itiririke, kisha huigusisha sumu kwenye ncha ya mfereji wa damu, chini kabisa. Kama ni kali, damu hubadilika rangi, na weusi hupanda kuelekea jeraha. Mtu huufuta kabla haujafika. Fikiria utulivu wa jicho linalopima bidhaa namna hiyo. Ikishapakwa, chembe huviringwa ngozi laini, kuilinda sumu na jua, na kumlinda mwenye mshale na sumu.

Jambo la mwisho ni alama. Kila mwindaji alichonga yake kwenye wano, ili windo likianguka mbali na wakafika wawili, mshale uamue. Ya babu ni pete mbili na mkwaruzo mmoja wa mshazari. Alijivunia alama hiyo kama wengine wanavyojivunia sahihi zao, na kwa maneno yake mwenyewe ndiyo iliyomfunga: askari waliokota mshale mwituni, wakazunguka vijiji wakiuliza pete mbili na mkwaruzo ni za nani. Angeweza kuacha kuchonga. Wenzake walimshauri. Akasema mshale usio na alama ni wa mwizi.

Nilipokuwa nikirudi nyumbani jioni ile niligundua kwamba swali letu la baraza tulilipanga vibaya. Tulikuwa tukibishana mata yakae wapi: motoni, Mombasa au Nairobi. Hakuna aliyeuliza yanahitaji nini.

Hoja ya binamu haikuwa ya kipuuzi. Kitu kinachooza darini hakimlishi mtu. Ila njia hiyo imekwisha kukanyagwa na wengi. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za kuwakumbuka marehemu, viling'olewa na kuuzwa mpaka majumba ya makumbusho ya Marekani, na baadhi vimerudishwa baada ya miaka mingi ya kudai. Watafiti waliotafuta vitu vya Kenya vilivyoko ng'ambo walihesabu zaidi ya 32,000 katika taasisi 30 tu. Huko vimewekwa mahali pakavu, vina namba, havina dudu. Nadhani hakuna hata uta mmoja huko uliovishwa upote. Wanajua asilolijua mtu wa sebule kama mimi. Lakini uta wenye namba haumfundishi mtoto wa Mtito Andei jinsi ya kuparuza.

Tena kuhifadhi peke yake hakutoshi hata kwa wenye uwezo. Mary Rose, meli ya kivita ya Kiingereza, ilizama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, na ndani ya matope yake mata zaidi ya 130 yalikutwa mazima. Ili kujua yalidai nguvu kiasi gani, ilibidi mafundi wakae chini wachonge mengine kwa vipimo vyake, wayavute. Jibu lilikuja baada ya mikono kuanza upya, na likawa la kushangaza: mengi yalikuwa mazito kama ya Wawaata, au zaidi.

Babu, kwa kweli, hakuwa mtunza mata. Uta ulipochoka aliupa watoto, watoto wakauvunja, naye alikuwa tayari ana mti mwingine juu ya meko. Haya mawili yalibaki kwa sababu uwindaji ulikoma, si kwa sababu aliyapenda kuliko mengine. Alichokuwa nacho siku zote ni ule mti wa juu ya meko, na huo ndio hatukuurithi. Tulipopanda darini tuliona mata, hatukuona kwamba nafasi kando yake ilikuwa tupu.

Kwa hiyo tuliamua hivi, na baraza lilikuwa fupi. Mishale minne yenye sumu mzee aliifukia mwenyewe, mbali na njia ya mifugo na ya watoto. Bei ya binamu ikaenda nayo. Uta mfupi, ambao bado unanyooka, alipewa mjukuu wa yule mzee, kijana wa sekondari anayejifunza kuchonga. Siku ya kwanza hakuuvuta. Aliupapasa kutoka ncha hadi ncha, akipima unene kwa vidole, kisha akapapasa mti wake alioanza kuuchonga, akarudi tena kwa wa babu. Yeye na wenzake wanalenga magunia yaliyojazwa nyasi, na wanacheka sana. Binamu aliniuliza kama sioni tumepoteza. Nikamjibu kwa maneno ya wahenga: mshale kwenda msituni haukupotea.

Uta mrefu tuliurudisha darini jikoni, umevuliwa upote, kwenye moshi wake. Hautapiga tena, mzee alisema, lakini mti hauaibiki kwa kupumzika. Shangazi ndiye aliyeupandisha. Aliushika kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika mwana wa jirani, akausukuma mpaka ndani, akashuka, akanawa mikono. Hakusema kitu, nasi hatukumuuliza.

Mzee alikataa pesa. Aliuliza tu uta ulikuwa umeshikiliwa na nini kule Nairobi. Nikamwambia. "Basi niletee huo," alisema.

Ulinipa taabu kung'oa. Ulitoka na kipande cha plasta, ukaacha tundu ambalo sijaliziba. Mwezi Februari nilipokea mshale, umefungwa gazeti, kwa mkono wa dereva wa matatu. Wano umenyooka, manyoya matatu yamepangwa sawasawa, na mbele kuna chembe bapa isiyo na sumu, ambayo ukiigeuza kwenye mwanga bado unaona mahali kichwa cha msumari kilipokuwa. Niliugeuza mara mbili kutafuta pete na mkwaruzo. Hakuna. Mahali pa alama mzee amepalainisha, akapaacha patupu.

Kisu ninacho. Bado sijachonga kitu.