Pointi ya Kusahihishwa: Shule ya 42 Ilivyowageuza Wanafunzi Kuwa Walimu

Mwaka 2013 Xavier Niel, tajiri wa mawasiliano nchini Ufaransa, alifungua mjini Paris shule ya programu isiyotoza ada, isiyo na walimu wala vipindi, na isiyomdai mwombaji cheti cha sekondari. Iko wazi usiku na mchana. Jina lake ni 42. Walioisikia mara ya kwanza walishangazwa na kukosekana kwa walimu, lakini kwangu la kuchunguza ni kile kilichowekwa mahali pao. Kuwakusanya vijana na kuwaambia wasaidiane ni rahisi. Aghalabu wawili watatu wanaojua hubebeshwa mzigo wa wote, mpaka wakachoka na kuondoka.

Dawa ya 42 ni pointi ya kusahihishwa. Mwanafunzi akimaliza kazi, haihesabiwi mpaka wenzake waikague, na kila ukaguzi unamgharimu pointi moja. Zikimwishia, inabidi azichume kwa kukaa na wenzake na kukagua kazi zao. Msaada hautegemei tena ukarimu wa mtu: anayetaka kusonga mbele atasoma kazi za wengine, apende asipende. Na mkaguzi hupangwa na mfumo kutoka kwa waliotangaza kuwa na nafasi saa hiyo, kwa hiyo huwezi kumwita swahiba wako kwa jina.

Chukua zoezi moja la Piscine, yale majuma manne ya mchujo wa kuingilia. Linaitwa ft_putnbr: andika fanksheni kwa lugha ya C itakayochapisha namba kamili kwenye skrini. Kutumia printf, fanksheni ya kuchapisha iliyo tayari ndani ya C, ni marufuku. Unachoruhusiwa ni kutoa herufi mojamoja kwa write. Namba ikizidi 9, mwanafunzi anaigawanya kwa 10 na fanksheni inajiita yenyewe kwa jibu lililopatikana, kisha analichukua baki, analijumlisha na 48 ili tarakimu iwe herufi, anachapisha. Namba ikiwa hasi, anatanguliza alama ya kutoa halafu anaigeuza iwe chanya. Anajaribu 42, inatoka. Anajaribu -7, inatoka.

"Hebu iwekee -2147483648," anasema mkaguzi.

Kinachotoka kwa kawaida ni alama ya kutoa na bano moja la kufungua, basi. Namba ya biti 32 upande wa chanya huishia 2147483647, kwa hiyo ile hasi haina mwenzake wa kugeukia. Inabaki hasi ilivyo, kwa hiyo haizidi 9 na haigawanywi, baki linakuwa -8, na 48 ukitoa 8 ni 40, ambayo ndiyo herufi ya bano hilo. Mwenye kazi hatausahau mpaka huo wa namba za biti 32 maisha yake yote. Lakini tazama na upande wa pili wa meza. Mkaguzi, ambaye pengine alinaswa na mtego huohuo wiki iliyopita, amelazimika kuufafanua kwa maneno yake mwenyewe, na hapo ndipo mambo huwa yanakaa kichwani. Mwenye kazi naye hana ruhusa ya kukaa kimya: akishindwa kueleza mistari aliyoileta, huhesabiwa kuwa ameiba, na alama yake ni -42.

Kuna sheria nyingine inayolalamikiwa sana, nami naitetea. Fanksheni isizidi mistari 25, na programu iitwayo norminette hukagua mpangilio. Ukali huo unamlinda mkaguzi. Mtu aliyeanza C majuzi hawezi kusoma fanksheni ya mistari mia mbili ndani ya nusu saa akaielewa. Ya mistari 25 anaiweza.

Udhaifu upo. Wanafunzi huoneana huruma, na anayepewa alama za bure leo anajua kesho atatakiwa kulipa fadhila. Kwa hiyo Piscine ina kinga mbili: mashine ya kusahihisha iitwayo Moulinette, ambayo ikikuta zoezi moja limekosewa haiyahesabu yanayofuata, na mitihani ambayo mtu hukaa peke yake bila intaneti wala simu. Bila hizo mbili, nina hakika pointi zingekuwa biashara ya kubebana.

Pamoja na udhaifu huo, mtindo huu ulifika Khouribga, Morocco, mwaka 2018 kwa jina la 1337, na baadaye Antananarivo na Luanda.

Lakini rika halitoi kila kitu. Wote waliokaa mezani wameanza karibu pamoja, na hakuna aliyetunza programu moja kwa miaka kumi huku watu wakiitegemea. Ningekuwa naanzisha kikundi leo, ningetumia pointi hizi miezi ya mwanzo, kisha ningewasukuma vijana kwenye mipango kama Outreachy, au Google Summer of Code iliyoanza 2005, ambako mgeni huunganishwa na mlezi kutoka mradi wa programu huria. Huko badiliko lake husomwa na watu watakaolazimika kuishi nalo yeye akishaondoka, na hurudishwa mara tatu nne kabla halijakubaliwa.