Siafu Hana Macho: Uhakiki wa Tafsiri Moja kutoka Misiera

Makala haya yanahakiki tafsiri ya kurasa nne tu, iliyoandikwa kwa mkono na mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu alipokuwa katika mazoezi ya kufundisha kijijini Misiera, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Matini chanzi ni mwongozo wa Kiingereza wa kutambua na kuainisha siafu wa Afrika kwa kutazama maumbile ya wafanyakazi wao. Mwanafunzi aliutafsiri kwa sababu darasa lake lilikuwa na watoto wenye asili ya Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, na lugha waliyoweza kukutana ndani yake ilikuwa Kiswahili. Baadhi ya wenzangu wameuliza kwa nini idara ya lugha ijishughulishe na wadudu. Jibu langu linaanzia kwenye kosa langu mwenyewe.

Nilipokwenda kumkagua mwanafunzi huyo nilisaidia kusahihisha insha za darasa lake. Mtoto mmoja alikuwa ameandika: "Siafu haiko na macho." Kwa kalamu nyekundu nilirekebisha upatanisho wa kisarufi, kwani siafu ni ngeli ya A-WA, na hilo lilikuwa sawa. Kisha nikaandika pembeni: "Ana macho!" Hilo halikuwa sawa. Siafu mfanyakazi hana macho kabisa, wala alama ya jicho. Mtoto yule alikuwa amemwangalia mdudu. Mimi nilikuwa nimeangalia sentensi.

Tatizo halikuanza na kalamu yangu. Fasili ya siafu tuliyoizoea madarasani ni kwamba ni mdudu wa jamii ya chungu, mwekundu au wa hudhurungi, atembeaye kwa makundi na aumaye sana. Fasili hii inaeleza tabia na rangi, haielezi mwili. Mjaribu kwa sungusungu, yule chungu mkubwa mweusi ambaye jina lake lilichukuliwa na walinzi wa jadi wa Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sungusungu naye hutembea kwa msafara, huvamia mchwa kwa mpango, na ukimkanyaga utajuta. Kinachobaki kuwatenga ni rangi, na rangi haitoshi, maana wapo siafu weusi. Spishi mojawapo, iliyopewa jina na Illiger mwaka 1802, inaitwa Dorylus nigricans, yaani wa kuelekea weusi.

Hata kitenzi "kuuma" kinatuficha jambo. Siafu huuma kwa taya, na taya za wale wakubwa zimejipinda kama mundu. Mwiba wake si silaha anayoitegemea. Sungusungu hudunga kwa mwiba. Kiswahili kina "kuuma", "kudunga" na "kuchoma", lakini katika fasili zetu wadudu wote wanauma tu, kuanzia mbu hadi nyigu.

Sasa tuitazame tafsiri yenyewe. Hatua zake za kwanza ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Mwanafunzi anamwagiza msomaji atazame kama mdudu ana kiuno chembamba. Asipokuwa nacho, huyo ni mchwa, si chungu wa aina yoyote. Kisha atazame macho. Majimoto wa kwenye miembe ana macho makubwa yanayoonekana bila lenzi, na sungusungu pia ana macho, kwa hiyo wote wawili wanaondoka mapema. Wanaobaki bila macho wanatenganishwa kwa kiuno: kikiwa na kinundu kimoja, ni jenasi ya Dorylus, yaani siafu tunaowajua, kikiwa na vinundu viwili, na mdudu ni mdogo, na pingili za kipapasio hazizidi 10, basi ni Aenictus, jamaa wa siafu ambaye wengi wetu tumempita njiani tukidhani ni sisimizi. "Kinundu" ni neno zuri. Mtoto hahitaji kuelezwa mara mbili.

Tafsiri inaanguka kwenye hatua ya tano. Hapo matini chanzi inataka msomaji atazame bamba la juu la pingili ya saba ya fumbatio, kwa sababu kwa Dorylus bamba hilo ni kubwa, limebonyea katikati na kingo zake zina vijino, na kwa Aenictus ni dogo lisilo na bonde. Mwanafunzi aliandika "pingili ya saba ya tumbo". Watoto wakahesabu wakapata tano. Wakarudia, wakapata tano tena. Mwanafunzi akadhani amekosea tarakimu, akafuta saba akaandika tano, akaendelea na somo.

Kwa bahati alipata mahali panapostahili, lakini kwa sababu isiyo sahihi, na kesho kwa mdudu mwingine atapotea. Katika chungu wote pingili ya kwanza ya fumbatio imeungana na kifua, hata ukitazama unaiona kama sehemu ya kifua. Pingili ya pili ndiyo kile kinundu cha kiuno. Kwa hiyo kile tunachokiita tumbo, lile donge la nyuma, kwa siafu linaanzia pingili ya tatu. Ukihesabu tatu, nne, tano, sita, saba, unapata pingili tano, na ya mwisho ni ya saba. Watoto walihesabu sawa na mwandishi wa mwongozo alihesabu sawa. Aliyekosea ni mfasiri, kwa kutumia neno moja, "tumbo", kwa vitu viwili: sehemu ya mwili kama inavyoonekana na sehemu ya mwili kama ilivyokua.

Wanafunzi wa kozi ya Istilahi wazingatie hapa. Kwa lugha ya jikoni "tumbo" linatosha. Kwa mwongozo wa utambuzi tunahitaji maneno mawili, na Kiswahili tayari kinayo. Ningeliacha "fumbatio" libebe maana ya kianatomia, pingili zote pamoja na zile zilizojificha kifuani na kiunoni, kisha "tumbo" libaki kwa donge linaloonekana. Tukifanya hivyo, sentensi "pingili ya saba ya fumbatio, ambayo ni ya tano ya tumbo" inasomeka bila utata.

Makosa mengine ni mepesi zaidi. "Ufunguo wa siafu" ni tafsiri ya neno kwa neno. Mtoto mmoja aliuliza ni wa mlango gani, na sijui kwa nini mwalimu alikasirika. "Mwongozo wa utambuzi" ungetosha. Kuna pia "siafu dume mwenye kichwa kikubwa", akikusudiwa yule askari. Askari si dume. Ni mfanyakazi kama wadogo zake, na wafanyakazi wote ni majike wasiozaa. Ngeli ya A-WA haituambii jinsi, hivyo neno "askari" likamwita mwanamume akilini mwa mfasiri naye akamwandika.

Siafu dume halisi ana mabawa, ana macho makubwa, mwili wake ni mnene kama soseji, na usiku hufuata taa. Kwa sura hana udugu wowote na wafanyakazi. Tusimcheke sana mwanafunzi wetu, maana Linnaeus mwenyewe alipompata dume mmoja mwaka 1764 alimweka katika jenasi ya nyigu. Fabricius akaunda jenasi ya Dorylus mwaka 1793. Mwaka 1840 Shuckard aliwapa wafanyakazi jenasi yao, Anomma, na mwaka 1863 Gerstäcker akampa malkia mmoja wa Asia, asiye na mabawa na mwenye tumbo kubwa mno, jenasi nyingine, Dichthadia. Dume, mfanyakazi na malkia, kila mmoja na jina lake, kama ndugu walioandikishwa vituo tofauti. Anayefahamu Nakivale atanielewa.

Leo majina hayo mawili ya baadaye yamewekwa ndani ya Dorylus kama nusujenasi, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionesha kwamba hata baadhi ya nusujenasi hizo, Anomma ikiwemo, hazikusanyi ndugu wa damu moja peke yao. Mwaka 2014 siafu na jamaa zao waliunganishwa katika nusufamilia moja, Dorylinae. Tafsiri yetu haitaji lolote kati ya haya. Nadhani ilipaswa, walau kwa aya moja, ili msomaji ajue kwamba maumbile ya mfanyakazi yanamfikisha kwenye jenasi kwa uhakika, lakini kwenye spishi yanaanza kusitasita.

Yanasitasita pia kwa sababu ya ukubwa. Katika msafara mmoja wa siafu yupo wa milimita 3 na yupo anayepita 10, kichwa cha huyu ni chembamba na cha yule ni kipana chenye pembe. Ukiokota mmoja mmoja utadhani una spishi tatu. Hapa mwanafunzi ameongeza maelezo yake mwenyewe yasiyokuwamo kwenye matini chanzi: "Chukua wengi, wadogo kwa wakubwa, kutoka mstari mmoja." Kwa kawaida tunakataza kuongeza. Hapa nimemwachia.

Na majina ya nyumbani? Waganda husema ensanafu, na darasani watoto wa Kinyarwanda na Kirundi walisema intozi. Mwanafunzi aliyaandika ubaoni kisha akayafuta kabla sijaingia, akihofia nitamwambia anachanganya ndimi. Ningependa angeyaacha, kwa sababu watu wa Misiera wana haja na mdudu huyu kuliko sisi. Msafara ukiingia nyumbani usiku, mtoto mchanga huondolewa kwanza, kisha kuku aliyefungwa kamba hufunguliwa, kwa kuwa asiyeweza kukimbia hasaliki. Asubuhi wenye nyumba hurudi wakakuta mende na panya hawapo. Wanaoishi hivyo wanajua ni msafara upi wa kukimbia na upi wa kuruka tu, na wanajua kwa kutazama.

Tafsiri nimeipa alama 64, ningeipa 70 kama si hatua ya tano. Nimeirudisha pamoja na vielelezo vyake: siafu kumi na mmoja ndani ya chupa ndogo ya waragi, kwani spiriti haikupatikana. Insha ya yule mtoto nayo nimeiomba tena. Nimekata maneno yangu ya pembeni, nikaacha masahihisho ya ngeli.