Sifa za Daktari Aliyekaa

Kazi ya daktari wa kijijini huanza kwa maswali ambayo mtu wa mjini angeyaita umbea. Umetoka wapi? Juzi ulilala kwa nani? Nyumbani nani mwingine anaumwa? Pale Igamba, katika nyanda za kahawa za Mbozi, mkoani Songwe, maswali hayo ni nusu ya tiba. Kijana mwenye homa aliyeshinda mwezi mzima huku juu kwenye baridi hafikiriwi sawasawa na mwenzake aliyeteremka Kamsamba, Bonde la Rukwa, kuvuna mpunga. Huyo wa pili malaria humfuata hadi kwao. Anayeharisha na kutapika baada ya kurudi Tunduma, mpakani, ana hesabu yake, hasa kipindupindu kinaposikika. Na mkulima anayeletwa akitokwa jasho, mate yakimchuruzika, mboni za macho zimesinyaa, aulizwe haraka kama asubuhi hakubeba bomba mgongoni kunyunyizia mikahawa sumu ya wadudu. Maabara inaweza kusubiri. Huyo hawezi.

Baada ya maswali huja mikono. Daktari hufunua kope la chini aone kama kuna damu ya kutosha. Hupapasa bandama chini ya mbavu za kushoto. Kwa mtoto anayekohoa humwomba mama amfunue kifua, kisha hutazama saa na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi minne, hapo nimonia inabisha hodi. Mtoto akiwa analia, hesabu haina maana. Inabidi kungoja anyamaze, na foleni nje inanung'unika. Huwezi kuifanya kazi hii ukiwa na haraka. Kwa mama mjamzito kuna ile pembe ndogo ya kusikilizia moyo wa mtoto: ncha moja tumboni, nyingine sikioni, na chumba chote kinaombwa kimya. Mashine za kisasa zimekuja, nami nazishangilia, ila umeme ukikatika pembe haijui.

Chuo hufundisha haya yote kwa miaka michache. Kinachobaki hufundishwa na mahali penyewe, na mahali hapafundishi mtu anayepita. Daktari aliyekaa miaka kumi anajua kwamba msimu wa kuchuma kahawa mwanamke hataacha shamba kwa ajili ya kichwa kinachouma, kwa hiyo anayeacha shamba na kuja ana jambo zito. Anajua ukoo gani una kisukari na nani hunywa dawa za presha kwa siku tatu kisha akaziacha. Anajua pia ni nani atamdanganya kuhusu pombe, na kwa kiasi gani. Ndiyo maana nasema sifa ya kwanza ya daktari wa jamii si akili wala huruma, ingawa zote anazihitaji. Ni kukaa.

Katika Tanzania yetu simjui mtu aliyelionyesha hili kwa urefu kama Leader Stirling. Alizaliwa Uingereza mwaka 1906, akasomea udaktari London, na mwaka 1935 akaja Lulindi, wilaya ya Masasi, chini ya misheni ya Kianglikana ya UMCA. Hospitali aliyoikuta ilikuwa ya udongo na nyasi, na ndimo alimopasulia wagonjwa. Ni rahisi kuishangilia picha hiyo: Mzungu, kisu, taa ya mafuta. Mimi inanivutia kidogo tu. Kinachonivutia zaidi ni kwamba alianza mapema kufundisha wauguzi, vijana wa huko huko, kwa sababu alikwishaona kwamba mikono miwili haitoshi kusini nzima, na kwamba mwenye mikono hiyo iko siku atalala.

Wala hakuganda kituo kimoja. Mwaka 1949 aliingia Ukatoliki, akahamia Mnero, upande wa Nachingwea, kwa Wabenediktini, akaanza tena. Mwaka 1964 akaenda Kibosho, Kilimanjaro. Mtu anaweza kusema huko si kukaa. Lakini hadi anapanda kaskazini alikuwa amewatibu watu wa kusini kwa miaka 29, na kazi ilikuwa ile ile.

Katikati ya hayo aliingia siasa. Mwaka 1958, mwaka ule ule wa uamuzi wa busara wa TANU kule Tabora, wa kushiriki uchaguzi, alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, na baada ya uhuru akachukua uraia wa Tanzania. Nchi aliyochagua kuwa raia wake ilipata uhuru ikiwa na madaktari wazalendo 12, idadi ambayo Mwalimu Nyerere alipenda kuikumbusha. Mwaka 1975, akiwa na umri ambao wengi wetu huomba kuachwa tupumzike, Stirling aliteuliwa Waziri wa Afya, akashika kazi hiyo hadi 1980. Ulikuwa wakati wa kujenga zahanati na vituo vya afya vijijini. Mataifa yalipokutana Alma-Ata mwaka 1978 kutangaza huduma ya afya ya msingi, wizara yetu ilikuwa mikononi mwa mtu aliyeanzia kwenye hospitali ya nyasi, asiyehitaji kuelezwa zahanati ni ya nini. Alifariki mwaka 2003 akiwa na miaka 97, hapa hapa nchini.

Lakini tunamjua Stirling kwa sababu moja kubwa: aliandika. Alitoa kitabu mwaka 1947, kingine mwaka 1977, na nusu ya niliyoyasema yangepotea kama asingeandika. Vipi dresa waliosafisha vidonda pembeni yake? Vipi wale waganga wasaidizi wa vijijini waliotoka darasa la saba, wakasoma miaka mitatu, wakapelekwa zahanati yenye chumba kimoja na kabati la dawa, wakabaki huko hadi kustaafu? Tukirudi Mbozi, wamisionari wa Kimoravian walifika huko mwishoni mwa karne ya 19, na Hospitali ya Mbozi Mission ipo hadi leo. Vizazi vya watu wamezaliwa, wametibiwa na wameagwa huko na katika zahanati zinazoizunguka. Kila kizazi kilikuwa na tabibu aliyeamshwa usiku, akavaa shati kinyume, akaamua kwa dakika chache kama huyu mama anaweza kujifungulia hapa au aandikiwe rufaa hospitali ya Vwawa, au moja kwa moja ya Meta, Mbeya. Uamuzi ule ukiwa sahihi hakuna anayeukumbuka, kwa kuwa hakukutokea msiba. Ukikosewa, kata nzima inaujua.

Udaktari wa kijijini umejaa ushindi wa aina hiyo usioonekana, na rekodi zake hazikai: daftari la wagonjwa huliwa na mchwa, na mstaafu huondoka na yaliyo kichwani mwake. Wapo bado, Igamba na Vwawa na kwingineko, wazee wenye mikono inayotetemeka ambao walizalisha nusu ya watu sokoni. Wewe unayesoma, kama una daftari au simu yenye kinasa sauti, mtafute mmoja wa kwenu mwezi huu. Muulize alifika lini, alikuta nini, nani alimfundisha, usiku gani alishindwa. Mwache azungumze hadi achoke, andika kama alivyosema, na nakala moja uipeleke shule ya sekondari ya kata.