Mweleze Fundi Upepo Wako

Mara nyingi tanga jipya huagizwa kwa kulitupa la zamani miguuni mwa fundi. Mwenye chombo hulifungua uani, huonyesha palipochanika, kisha husema: nishonee jingine kama hili. Wanapatana bei, wanapatana siku, maneno yamekwisha. Ni desturi inayoeleweka, kwa kuwa tanga la zamani ndilo kipimo kilicho mkononi, lakini ndani yake mna kosa. Tanga la pamba lililokaa baharini miaka minne si lile lililotoka kwa fundi. Demani, kamba ya kuvutia tanga, imelivuta kila safari, limelowa na kukauka, ukingo wake wa nyuma umelegea, na tumbo lake limehama kutoka mbele likarudi nyuma. Fundi akilinakili, anakivisha chombo uchovu wa miaka minne tangu siku ya kwanza, na kitambaa kipya nacho kikianza kunyooka kitaupita urefu wa foromali, mti unaobeba tanga. Hoja yangu ni kwamba anayeagiza tanga anapaswa kuzungumza na fundi juu ya upepo, shehena na watu wa chombo chake kabla ya kuzungumza juu ya pima na bei. Kazi yenyewe ndiyo inayodai mazungumzo hayo.

Tazama kazi ilivyo. Kitambaa hutoka kiwandani kikiwa bapa. Tanga linaloendesha chombo lina tumbo, na tumbo hilo lina mahali pake, karibu na theluthi ya mbele, ili upepo uingie taratibu na utoke bila kukwama. Fundi ana njia mbili za kulitia. Ya kwanza ni ukingo: ule unaofungwa kwenye foromali hukatwa kwa mbinuko mdogo, na ukishafungwa ukanyooka, ziada ile hushuka kuingia tumboni. Ya pili ni mshono. Vipande viwili vya kitambaa hupandana, tuseme, upana wa kidole kimoja katikati ya tanga, lakini kadiri mshono unavyokaribia ukingoni fundi huvipandanisha zaidi, kidole na nusu, viwili. Na upungufu huo mdogo ukirudiwa mshono baada ya mshono, kitambaa bapa huanza kujaa kama bakuli. Mpita njia humwona mtu ameketi chini, tanga limemfunika magoti, kiganjani ana kipande cha ngozi cha kusukumia sindano, uzi umepakwa nta, naye hudhani anaona ushonaji wa kila siku. Hiyo nusu ya kidole ndiyo mwendo wa chombo. Kisha upo mwelekeo wa nyuzi: kitambaa kikivutwa kufuata mtande au mshindio hustahimili, kikivutwa hanamu hunyooka. Ndiyo maana vipande vya tanga la jahazi husimamishwa sambamba na ukingo wa nyuma, ule ukingo mrefu usioshikwa na mti wowote. Anayedhani haya ni mambo madogo akumbuke tarehe 22 Agosti 1851, chombo cha Marekani kiitwacho America kilipozunguka kisiwa cha Wight huko Uingereza na kuwashinda wenyeji. Umbo la chombo lilichangia, na matanga yalichangia vilevile: yake yalikuwa ya pamba iliyofumwa kwa mashine, yametulia, ilhali ya Waingereza yalikuwa ya kitani kilicholegea, ambacho mabaharia walikimwagia maji ili kizuie upepo.

Fundi atajuaje basi tumbo liwe kubwa au dogo? Hapo ndipo panapohitajika maneno ya mwenye chombo. Upepo mdogo hutaka tumbo la kina. Upepo mkali, na hasa kupiga bisha, yaani kupanda kinyume cha upepo, hutaka tanga lililotulia. Pwani yetu ina msamiati wa kutosha kwa mazungumzo haya: kaskazi ya Desemba hadi Machi, kusi inayokaza Juni na Julai, matlai ya katikati, na ule wakati wa pepo zinazobadilika ambao wazee waliuita tanga mbili, kwa kuwa chombo huweza kusafiri kwa upepo wa huku na wa kule. Mashua ya uvuvi inayotoka na umande, upepo wa nchi kavu, alfajiri na kurudi na upepo wa baharini mchana haina haja ya tanga la jahazi linaloshuka na boriti kutoka Lamu. Mashua ya mashindano ya Lamu, iliyojaa vijana wa kuegemea upande wa joshi, unakotoka upepo, huweza kubeba tanga ambalo wavuvi wawili wangeangamia nalo. Na tanga la foromali halipunguzwi ovyo. Upepo ukizidi, mabaharia hulitua na kutweka dogo. Kwa hiyo fundi aulize, na aambiwe kweli: je, lipo la pili? Watakaolitua ni wangapi? Foromali nayo ni ya mti mmoja au imeungwa, na ncha yake hupinda kiasi gani upepo ukijaa? Ukibadilisha foromali baada ya tanga kushonwa, ule mbinuko uliokatwa kwa ajili ya mti wa kwanza hauna kazi tena. Mwonyeshe hata mahali tanga linaposugua mlingoti wakati wa kugeuza, apaongeze kiraka kabla hapajatoboka.

Wapo watakaosema kwamba hii ni kumfundisha fundi kazi yake, na kwamba heshima ni kumwachia. Sikubali. Asiye fundi hana haki ya kumwambia fundi apige mshono gani. Lakini yale anayopaswa kumweleza ni mambo ambayo fundi hawezi kuyaona akiwa uani kwake. Kumnyima habari hizo ni kumtaka abahatishe, kisha kumlaumu. Na mazungumzo yana pande mbili. Fundi mwema ni yule anayeweza kusema: tanga unalolitaka ni kubwa mno kwa mlingoti huu, sitalishona. Neno hilo lina thamani kubwa kuliko kitambaa.

Hoja nzito zaidi ya kunipinga ni ya umaskini na ya mashine ya kuendeshea chombo. Mvuvi wa ngalawa anayeunga viroba vya plastiki ataambiwaje habari za tumbo la tanga? Aambiwe hivyohivyo. Kukata vizuri hakuongezi hata dhiraa moja ya kitambaa, na mwenye kitambaa dhaifu ndiye anayehitaji zaidi mkato wa kukihifadhi. Polyester, kwa mwenye uwezo, ni nyenzo nzuri: hainyooki kama pamba wala haiozi kwa unyevu. Lakini jua huila, na uzi wake hauzami ndani ya kitambaa kigumu kama unavyozama katika pamba; hukaa juu, ukasuguliwa, ukakatika kabla ya kitambaa kuchoka. Hilo nalo ni la kuzungumza: mishono mingapi, uzi mnene kiasi gani. Ama mwenye mashine, anayesema tanga kwake ni akiba tu, amekwisha kutoa jibu muhimu bila kujua. Tanga la akiba hutwekwa siku mashine imezimika, huenda upepo ni mkali na mwamba uko karibu. Liwe dogo, liwe limetulia, pembe zake ziwe na viraka vya kutosha, na liweze kupiga bisha. Asipomweleza fundi hivyo, atashonewa tanga la safari njema.

Siku hizi yapo matanga yanayochorwa kwa kompyuta na kukatwa na mashine bila kukosea hata milimita. Sina ugomvi nayo. Programu hiyo nayo huanza kwa maswali yaleyale, na atakayejibu ni yuleyule mwenye chombo. Lisiloweza kufanywa na programu ni kupanda chomboni. Tanga jipya la pamba hutwekwa mara ya kwanza siku kavu yenye upepo mdogo, bila kukazwa, ili nyuzi zikae polepole, na makosa yake huonekana saa hiyo: ukingo unaopigapiga, mkunjo unaotoka pembeni na kukata tumbo. Mchukue fundi wako siku hiyo, nawe umlipe siku yake kamili.