Mbingu za Kweli Juu ya Miji ya Uongo

Kila fani ina adui wake. Mchongaji hushindana na ugumu wa mti, mshairi hushindana na uhaba wa neno, na mpiga picha, tangu fani yake ianze, ameshindana na giza. Lakini yuko mpiga picha mmoja ambaye kwake mambo yamepinduka, naye ni yule atakaye kupiga picha ya nyota juu ya nchi yenye taa. Huyu hasumbuliwi na uchache wa mwanga bali na wingi wake. Nyota alizozikusudia zipo mahali pake kama zilivyokuwako siku zote, ila mwanga wa barabara, wa maduka na wa viwanda hupanda angani, hugonga hewa na vumbi, kisha hurudi chini kama utando. Kamera haiwezi kuubagua mwanga uliosafiri karne nyingi na ule uliotoka taa ya jirani. Yote miwili huingia katika tundu moja, na ulio mwingi huumeza ulio haba.

Katika tatizo hilo ndimo zilimozaliwa picha za Thierry Cohen, Mfaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1963. Mkusanyo wake unaitwa Villes éteintes, yaani miji iliyozimwa. Aliuanza mwaka 2010, ukatolewa katika kitabu mwaka 2012, na mwaka 2013 ukaonyeshwa New York. Umesifiwa sana kwa uzuri wake, wala uzuri huo haukanushiki. Swali la uhakiki ni jingine: picha hizi zasema nini, na je, zisemalo ni kweli?

Mtazamaji asimamaye mbele ya picha mojawapo huona kwanza mji anaoujua: Paris, New York, Shanghai, Tokyo au Rio de Janeiro. Mji huo ni mweusi. Hapana dirisha lenye taa wala gari liwakalo barabarani. Juu ya mapaa mbingu imejaa nyota kwa wingi ambao wakazi wa miji hiyo hawauoni kamwe, na Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota zisizohesabika, imesimama kama moshi ung'aao. Athari ya kwanza ni mshangao, na ya pili ni huzuni, kwa maana mtazamaji hutambua kwamba anaonyeshwa mali yake mwenyewe iliyopotea.

Picha hiyo haikupatikana kwa tendo moja. Mji ulipigwa mchana, kisha ukatiwa giza kwa ufundi wa zamani ambao watengenezaji wa filamu za sinema huutumia kugeuza mchana kuwa usiku. Mbingu ilipigwa kwingineko, katika mahali pasipo taa, kama majangwa ya Atacama, ya Mojave na ya Sahara ya Magharibi. Baadaye sehemu hizo mbili ziliunganishwa. Hata hivyo Cohen hakuchukua mbingu yoyote ile iliyompendeza. Nyota zipitazo juu ya mahali fulani hupita pia juu ya kila mahali palipo katika latitudo ile ile, kwa sababu dunia huzunguka na kuzipeleka nchi zote za mstari huo chini ya mbingu moja. Mathalani, latitudo ya Rio de Janeiro ndiyo ipitayo pia katika jangwa la Atacama. Nyota zilizo juu ya Rio sasa zitakuwa juu ya jangwa hilo baada ya saa moja na dakika 40 hivi. Cohen hupima latitudo ya mji na upande ambao kamera yake imeelekezwa, kisha huifuata mbingu hiyo hiyo mpaka jangwani na kuipiga kwa kipimo kile kile.

Wako wasemao kwamba huu ni uongo mtupu, kwa kuwa picha ni shahidi, na shahidi hana ruhusa ya kushona maneno ya mahali pawili akayatoa kama neno moja. Shutuma hiyo ina sauti kubwa kuliko uzito wake. Picha ya nyota haijapata kuwa sawa na jicho hata siku moja. Tangu nyota iitwayo Vega ilipopigwa picha huko Harvard tarehe 17 Julai 1850, kazi hii imekuwa ya kulimbikiza mwanga. Jicho hupokea na kusahau papo hapo, lakini kamera iliyoachwa wazi kwa sekunde 20 hukusanya mwanga wa sekunde zote hizo na kuuweka pamoja. Tena gizani jicho la mwanadamu karibu halioni rangi, ilhali kamera huziona. Kwa hiyo hata picha iliyopigwa kwa tendo moja hutoa mbingu ambayo hakuna aliyeiona kwa jicho tupu. Kipimo cha haki hakiwi kuuliza kama picha imeungwa, bali kama imeungwa kwa sheria au kwa matakwa. Aliyebandika nyota ili kupamba amefuata matakwa. Cohen amefuata sheria, na sheria yenyewe ni mwendo wa dunia.

Majina ya picha zake yanathibitisha jambo hilo, nayo yastahili kusomwa kwa makini kama matini. Kila picha hutajwa kwa jina la mji, latitudo yake, tarehe, na saa ya nyota, yaani saa ile ambayo wataalamu wa falaki huihesabu kwa mzunguko wa nyota badala ya jua. Ni jina kavu mfano wa hati ya mahakama, na ukavu huo ni fasaha, kwa kuwa unamwambia mtazamaji kwamba hiki si kitu cha ndoto bali cha hesabu. Lakini hati hiyo ina pengo. Longitudo haikutajwa. Haikuweza kutajwa, kwa sababu mji una longitudo moja na mbingu ilipigwa katika nyingine. Jangwa lililotoa nyota halina jina katika picha lililoitajirisha. Mji umepewa heshima ya kutajwa, na nyika imefanywa mtumishi asiyeitwa.

Hapo ndipo yaanzapo mashaka ya kweli juu ya kazi hii, nayo hayahusu mbingu bali nchi iliyo chini yake. Mbingu za Cohen ni za kweli. Miji yake ndiyo ya uongo. Mji usio na taa hata moja si mji uliopona, ni mji uliokufa. Kwa kuzima kila dirisha, msanii amemwondoa mtuhumiwa katika kesi. Mtazamaji haioni taa iliyoelekezwa juu pasipo haja, wala bango liwakalo usiku kucha bila msomaji. Huonyeshwa hasara pasipo kuonyeshwa aliyeitia. Zaidi ya hayo, hulazimishwa kuchagua: ama mji, ama nyota. Uchaguzi huo si wa haki.

Upungufu huu huonekana wazi picha hizi zikilinganishwa na ile ya Iwan Baan, Mholanzi aliyepiga Manhattan kutoka angani baada ya tufani ya Sandy mwaka 2012. Picha hiyo ilitokea juu ya jalada la gazeti la New York. Ndani yake nusu ya kisiwa inawaka na nusu ya kusini imekatikiwa na umeme. Nyota hazionekani humo, lakini maana yake ni kubwa. Giza lake ni la kweli, nalo lina watu ndani yake: wazee waliokwama ghorofani na wagonjwa walioondolewa hospitalini. Anayeitazama hawezi kulitamani giza hilo kwa wepesi. Giza la Cohen, kinyume chake, halimgharimu mtu kitu.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulikazia jambo hilo. Ramani ya dunia iliyotolewa mwaka 2016 na Fabio Falchi na wenzake ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya watu huishi chini ya anga iliyochafuliwa kwa mwanga, na kwamba Njia Nyeupe imefichika kwa zaidi ya theluthi moja ya wanadamu. Miongoni mwa nchi zenye anga safi kuliko zote zilitajwa Chadi, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Madagaska. Hizo ni nchi ambazo wengi wa watu wake hawana umeme. Mkunga azalishaye kwa taa ya mafuta hawezi kuambiwa kwamba yeye ni tajiri wa nyota. Lakini hasara nayo ni ya kweli. Lugha ya Kiswahili ina neno kilimia kwa kundi la nyota lililompa mkulima majira yake, na ndani ya jina hilo mna kulima. Mtoto wa mji mkubwa hulijifunza neno hilo katika kamusi, kwa maana juu ya paa la nyumba yao halioni linaloitwa hivyo.

Basi picha iliyo ngumu zaidi, na yenye faida zaidi, ni ile iwekayo taa na nyota ndani ya fremu moja. Ugumu wake ni wa ufundi kwanza. Muda utoshao kuipata nyota huiunguza taa iwe doa jeupe, na muda uifaao taa huipoteza nyota. Zamani za taa za sodiamu, ambazo mwanga wake ulikusanyika katika rangi ya manjano, kioo maalumu kiliweza kuuzuia usiingie katika lenzi. Taa nyeupe za LED zimeudhoofisha ujanja huo, kwa kuwa mwanga wake umeenea katika rangi nyingi, na sehemu yake ya buluu hutawanyika hewani kwa wepesi kuliko nyekundu. Uchunguzi wa Christopher Kyba na wenzake, uliotolewa mwaka 2023, ulikadiria kwamba ung'avu wa anga uliongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mwaka kati ya 2011 na 2022. Kwa mwendo huo, mtoto aliyezaliwa mahali paonekanapo nyota 250 ataona 100 tu afikapo umri wa miaka 18.

Hata hivyo picha ya namna hiyo yawezekana, kwa sababu miji ya namna hiyo ipo. Flagstaff, katika jimbo la Arizona, ulitunga sheria ya kuzuia kurunzi za kumulika angani tangu mwaka 1958, na mwaka 2001 ukawa wa kwanza kutambuliwa kimataifa kuwa mji wa anga la giza. Watu wake hawakuzima taa. Walizifunika juu, wakazielekeza chini na kupunguza zilizozidi. Njia Nyeupe huonekana ndani ya mipaka ya mji huo. Mpiga picha asimamaye pale hahitaji kuazima mbingu ya jangwa.

Kazi ya Cohen, kwa hiyo, ihesabiwe miongoni mwa maombolezo, na katika maombolezo ina daraja ya juu. Mwombolezaji ana haki ya kumtaja marehemu kwa sifa pasipo kueleza ugonjwa uliomwua. Lakini nyota hazikufa. Zimefichwa, na kilichofichwa kwa mkono wa mtu chaweza kufunuliwa kwa mkono wa mtu. Miji ya Afrika Mashariki inaendelea kuweka taa zake, nyingine katika barabara ambazo hazijapata kuwa nazo, na watu wake wanazihitaji. Mpiga picha wa miji hiyo atafanya vema kujifunza kwa Cohen uaminifu wake kwa mbingu, kisha aelekeze kamera yake mahali ambapo Cohen hakutaka kutazama, yaani kwenye taa yenyewe na jinsi ilivyofungwa.