Kwa Ajili ya Anayekuja Nyuma

Malori ya zamani ya jeshi la Uingereza yana taa ambayo mtu asiyeinama haioni. Imefungwa chini ya bodi, upande wa nyuma, ikimulika difu, na difu yenyewe imepakwa rangi nyeupe. Usiku wa vita taa kubwa zilizimwa ili ndege za adui zisiuone msafara, na dereva wa lori la nyuma alibaki kufuata doa lile jeupe. Likififia, unaachwa. Likikua, unakaribia kugonga. Misafara mizima ilikwenda namna hiyo gizani.

Niliielewa taa hiyo nilipomkuta mzee mmoja pale Arusha amelala chali chini ya Bedford yake, mkononi ana brashi ya rangi nyeupe. Ndiyo, anapaka difu! Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kutoka. Nikamuuliza ya nini hiyo, na siku hizi hakuna vita.

“Mwanangu,” akasema, “kwani hii ninapaka ili nione mimi?”

Akaendelea kupaka. Alipaka hadi upande wa juu ambao hata anayefuata nyuma hauoni, kisha akasugua kioo cha taa kwa kitambaa kilichochovywa petroli, akajaribu swichi, akatikisa waya, akajaribu tena. Nilikuwa nimekwenda kwa shughuli nyingine kabisa. Nikakaa juu ya tairi nikamtazama.

Lori lake ni la namna ya MK, tani nne, injini ya dizeli ya silinda sita, magurudumu yote manne yanasukuma. Malori ya aina hii yalipostaafu jeshini, mengi yalinunuliwa na watu wa safari, wakayawekea viti nyuma na kuyatumia kubeba vijana wa Kizungu waliotaka kuvuka Afrika kwa barabara. Kiwanda chenyewe cha Bedford, kule Dunstable, Uingereza, kilishafungwa.

Lakini ufundi huu wa malori ya jeshi ni wa zamani kuliko lori lake. Mwaka 1941 majeshi ya Dola ya Uingereza yalitoka Kenya, yakapita Somalia, na Aprili 6 yakaingia Addis Ababa; kilichoyafikisha ni malori. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Burma, katika bonde la Kabaw, inakokota magari kwenye tope la mvua za msimu. Vijana wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland walifundishwa jeshini udereva na umakanika, na vita vilipokwisha wakarudi na ujuzi huo mikononi. Tunawakumbuka kwa bunduki. Spana zao hatuzitaji.

Jeshi lilikuwa na namna yake ya kumfikiria mtu ambaye halimjui. Ringi za malori mengi ya wakati wa vita zilikuwa vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa nati. Ukizifungua tairi likiwa na upepo, kipande kinaruka na kinaua. Basi nati hizo zilipakwa rangi nyekundu, ili fundi yeyote, mgeni, mchovu, asiyejua kusoma, azione na aziache mpaka upepo utoke. Mzee anazo ringi kama hizo kwenye tela lake, na kila rangi ikichubuka anairudishia.

Ukitaka kuuona ufundi wake vizuri, mtazame anapokwenda kuvuta gari bovu. Wengine hufunga na kuondoka. Yeye huingia chini kwanza. Gari likivutwa masafa marefu huku injini imelala, magurudumu yanaendelea kuizungusha giaboksi kwa ndani, na oili haifiki inakotakiwa. Utalifikisha gari nyumbani na giaboksi imeungua. Kwa hiyo anafungua propela shafti, na bolti zake anazirudisha kwenye matundu yaleyale zisipotee. Kisha breki. Lori la breki za upepo, injini ikizima, halijazi tena upepo, kwa hiyo ama limejifunga ama halitasimama, na ni lazima ujue ni lipi kati ya hayo kabla hujagusa usukani.

Kamba hatumii. Anatumia chuma cha pembe tatu, kwa sababu kamba inavuta lakini haizuii, na kwenye mteremko kama wa Kitonga gari la nyuma litakupanda mgongoni. Anakubaliana na dereva wa nyuma kuhusu honi: moja maana yake nini, mbili maana yake nini. Halafu anaondoka taratibu mno, hata utadhani hajaondoka, mpaka chuma kikaze chenyewe.

Kabari zake ni za mti wa mninga, kila moja imefungwa kamba kwenye chesi. Nilidhani ni kwa ajili ya wezi. La, ni ili asizisahau barabarani.

Sisi tunaweka mawe. Lori likiharibika tunakata matawi, tunayatupa kwenye lami, tunaegemeza mawe kwenye magurudumu, tunatengeneza, tunaondoka, na mawe yanabaki pale yakimngoja mwenye pikipiki. Fuso linavutwa usiku kwa kamba ya manila, halina taa hata moja, na utingo ananing'inia nyuma na simu yake ndiyo reflekta. Tuna magari mapya na mashine za kompyuta za kusoma ugonjwa wa injini, na sizidharau, zimewaokoa wengi. Ila hakuna mashine inayomkumbusha mtu kuokota mawe.

Malori ya rika la Bedford ile yanaisha kwa gesi ya kukatia chuma. Nilishuhudia moja likipimwa kwa kilo, kwanza chesi, kisha ekseli. Chini ya kiti lilikuwa na sanduku la spana za inchi, kamili, zimepakwa grisi na kufungwa kwenye turubai. Kijana aliyezitoa alijaribu moja kwenye nati ya gari lake, ikacheza. Akazimwaga zote kwenye mzani, na mnunuzi akauliza kama zipo nyingine.