Ororo Juu ya Mashamba ya Miwa: Namna ya Kuiandikia Mvua Kanuni

Anayemhamisha shujaa wa katuni kwenda kwenye mchezo wa kuigiza mezani karibu kila mara huanza kwa kuuliza ana nguvu kiasi gani. Kwa mashujaa wengi swali hilo linatosha kuanzia. Kwa Ororo Munroe, anayejulikana zaidi kwa jina la Storm, linaharibu kazi tangu mwanzo. Anachotawala yeye ni hali ya hewa, na hali ya hewa haimwangukii adui peke yake. Kanuni zinazomfaa Ororo ni zile zinazomdai mchezaji aseme mvua hii imetolewa wapi na itamkuta nani. Nitazipima Ruhembe, kata ya wilaya ya Kilosa katika jimbo la Mikumi, kwa sababu huko saa mbili za mvua isiyotarajiwa zina hasara ambayo mkulima yeyote anaweza kukuhesabia.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo wenyewe: watu wanne au watano wanakaa mezani, kila mmoja na karatasi ya mhusika wake. Msimamizi anaeleza mahali na tukio, wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini, na pale matokeo yanapokuwa na shaka, dadu linarushwa. Karatasi ile ndiyo kazi ya fundi. Kisichokuwemo ndani yake, mara nyingi mezani hakitokei.

Ororo aliundwa na mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum, akaonekana mara ya kwanza mwaka 1975 katika Giant-Size X-Men namba 1, akiwa Kenya, watu wakimwomba mvua kama mungu wao. Chris Claremont, aliyemwandika kwa miaka mingi baada ya hapo, ndiye aliyempa maisha ya nyuma: mama Mkenya wa ukoo wa kifalme, N'Daré, baba Mmarekani mpiga picha wa habari, utoto wa Cairo, ndege iliyoiangukia nyumba yao wakati wa vita vya Suez vya 1956, ikawaua wazazi na kumwacha binti amefukiwa kifusini kando ya mama yake. Ndiyo maana mpaka ukubwani hawezi kuvumilia mahali palipobana. Katika simulizi hizo kuna pia Ainet, mama aliyemlea alipofika Afrika Mashariki, aliyemfunza jambo ambalo naliona ndilo moyo wa mhusika huyu: mvua aliyoiita kuokoa kijiji kimoja ilikuwa imenyang'anywa nchi za jirani, nazo zikabaki na ukame.

Sasa tazama alivyoandikwa kwenye karatasi. Mwaka 1984 kampuni ya TSR ilitoa mchezo wa Marvel Super Heroes, uliobuniwa na Jeff Grubb akishirikiana na Steve Winter. Kila mhusika ana sifa saba: kupigana, wepesi, nguvu za mwili, ustahimilivu, akili, hisia za haraka na uthabiti wa nafsi. Kila sifa ina daraja lenye jina na namba. Mtu wa kawaida yuko kwenye 6, aliye mzuri 10, na ngazi zinapanda hadi 100 na zaidi. Sifa nne za kwanza zikijumlishwa zinatoa uhai, na tatu za mwisho zinatoa akiba iitwayo Karma. Unarusha madadu mawili ya pande kumi kupata namba ya 1 hadi 100, unaisoma kwenye jedwali moja kubwa chini ya daraja lako, na jedwali linakujibu kwa rangi: nyeupe umekosa, kijani umepata, njano umepata vizuri, nyekundu umepata kwa kishindo.

Huu ni ufundi wa hali ya juu, nasema hivyo bila kusita. Jedwali moja linahukumu ngumi, mbio, mantiki na radi, na mtoto wa darasa la sita anaweza kulifuata. Ororo akiingizwa humo anakaa vizuri kwa upande wa mwili: binadamu mwenye mazoezi, mwepesi, asiye na misuli ya ajabu, lakini mwenye uwezo mmoja wa daraja la juu sana. Kitabu cha kanuni pana cha 1986 kiliongeza jambo zuri zaidi kwake. Mchezaji anaweza kujaribu matumizi mapya ya uwezo wake kwa kulipa Karma 100; mara ya kwanza anahitaji nyekundu, akiyazoea njano inatosha, baadaye kijani. Kwa mtu anayetawala hewa nafasi hiyo ni pana mno. Ukungu wa kuficha wakimbizi, upepo wa kubeba sauti, umande wa kuonyesha nyayo, vyote vinaweza kuvumbuliwa mezani bila kusubiri mwandishi wa kitabu.

Karma ndiyo sehemu iliyokaribia kumfikia Ororo mwenyewe. Shujaa anaipata kwa kuokoa watu na anaipoteza kwa kuharibu mali. Akiua, inafutika yote. Mwaka 1983, katika Uncanny X-Men namba 170, Ororo anapigana kwa kisu na Callisto, kiongozi wa jamii iliyojificha chini ya New York, bila kutumia uwezo wake hata kidogo, na anamchoma moyoni. Callisto anaponea chupuchupu kwa sababu mwenzao mmoja ana kipaji cha kuponya. Ukilipeleka pigano hilo kwenye kanuni za Grubb, mchezaji wa Ororo ameiweka akiba yake yote rehani kwa pigo moja, na mezani kila mtu anashika pumzi. Hapo kanuni na hadithi zinakwenda pamoja.

Lakini angalia Karma inapotoka. Inatoka kwenye karatasi ya Ororo. Akiunguza ghala, namba yake inapungua na mchezo unaendelea. Mwenye ghala hayumo popote. Kwa Spider-Man hilo linavumilika. Kwa mtu ambaye kosa lake kubwa la ujanani lilikuwa kuwaachia wengine ukame, gharama inayorudi kwake mwenyewe imemkosa mlengwa.

Michezo mingine ilishughulika zaidi na udhaifu wake wa mahali palipobana, na hapa kuna tofauti ya ufundi inayostahili kuangaliwa. Katika Champions, mchezo wa 1981 wa George MacDonald na Steve Peterson, mhusika ananunuliwa kwa pointi, na udhaifu unakuongezea pointi za kununulia uwezo. Kwa hiyo hofu ya kufungiwa inalipwa siku karatasi inapojazwa. Msimamizi asipomfikisha Ororo kwenye pango hata mara moja, mchezaji ameshakula pointi zake. Marvel Heroic Roleplaying ya 2012, iliyobuniwa na Cam Banks, iligeuza malipo hayo. Sifa ya mhusika inayomtambulisha inaweza kuingia katika mrusho kama dadu la pande nane ikimsaidia, au la pande nne ikimkwamisha, na akikubali kukwama anapewa pointi ya kutumia baadaye. Udhaifu unalipwa pale unapouma. Mchezaji anaanza kuutafuta mwenyewe, na hivyo ndivyo Claremont alivyomwandika: mara kwa mara anaingia mahali palipobana kwa sababu kuna mtu ndani.

Mchezo wa sasa, Marvel Multiverse wa Matt Forbeck, uliotoka 2023, unatumia madadu matatu ya pande sita, moja likiwa maalumu ambalo 1 yake huhesabiwa kama 6. Ni mwepesi, unakwenda mbio, na uwezo mwingi unalipiwa kwa akiba ya umakini wa mhusika. Kwa suala letu haujasogea mbali na 1984. Gharama bado iko mwilini mwa shujaa.

Twende Ruhembe. Ni nchi ya miwa, upande wa Kilosa wa bonde la Kilombero, ng'ambo ya Ruaha Mkuu, na kiwanda cha sukari cha Ruembe kiko upande huohuo. Kaskazini kuna hifadhi ya Mikumi, iliyotangazwa 1964. Wakulima wa nje, yaani wasio wa mashamba ya kampuni, wanalima miwa yao na kuiuza kiwandani. Mavuno huanza masika yakiisha. Shamba linachomwa kwanza ili majani makavu yaondoke, halafu wakata miwa wanaingia na mapanga, kisha matrekta na matela. Uchomaji una ratiba, kwa sababu muwa ukishaungua sukari yake huanza kushuka, na ukichelewa kufika kiwandani malipo yanashuka nao.

Tuseme ni Agosti, usiku. Majangili wanavuka mashamba na gari lenye meno ya tembo kutoka hifadhini. Mchezaji anasema: naita radi ipige injini. Anarusha, anapata njano. Kwa kanuni za 1984 injini imekufa, majangili wanaruka, furaha mezani. Mimi msimamizi nina la kuongeza: gari limesimama katikati ya miwa iliyokauka majani, na moto umeshika. Shamba hili halikuwa kwenye ratiba ya wiki hii. Mchezaji, kama kila mchezaji mwema, anasema: basi naleta mvua. Moto unazima. Njia za shambani, ambazo ni udongo mtupu, zinageuka tope. Asubuhi matrekta hayaingii, na miwa iliyoungua jana usiku, pamoja na ile ya jirani iliyokwisha kukatwa, inalala chini ikipoteza sukari.

Hapo ndipo kanuni inahitajika, isije ikawa msimamizi anamkomoa mchezaji kwa matakwa yake tu. Niliyoandika inaitwa deni la anga. Kabla ya kurusha, mchezaji anataja ukubwa wa anachokifanya. Upepo au radi ya kumzunguka mtu mmoja haina deni la moja kwa moja. Ikileta madhara kama ule moto, hayo yanachezwa palepale. Mvua ya ukubwa wa shamba inampa msimamizi dadu la pande sita. Hali ya hewa ya bonde zima inampa la pande kumi. Msimamizi lazima alitumie dadu hilo kabla mchezo wa siku haujaisha, mahali ambapo Ororo hayupo, na lazima amtaje mtu linayemkuta. Dadu lisilokuwa na jina la mtu halirushwi. Nimeazima mfano kwenye rundo la madadu ya msimamizi la Heroic, ambalo huongezeka wachezaji wanapopata 1, isipokuwa hapa haliongezwi na bahati mbaya, linaongezwa na uamuzi.

Ororo anaweza kulipa. Akikaa mahali pamoja onyesho zima, akiirudisha hewa taratibu kama Ainet alivyomfunza, dadu moja linatolewa. Gharama yake ni muda, na muda ndio anaouhitaji kuwafuata majangili. Huo ndio uchaguzi niliokuwa nautafuta tangu mwanzo.

Mchezaji wa pili nampa mkulima mwenye shamba, mama wa makamo, na karatasi yake inajazwa kwa uzito uleule: ekari zake, zamu yake ya kuvuna, deni la pembejeo, majirani wanaomsikiliza. Wakikutana alfajiri mazungumzo yanajiendesha. "Mwanangu, moto umeuzima, Mungu akubariki. Sasa trekta nalipitisha wapi?" Ororo akijibu "Shikamoo mama" kisha akae kimya, mezani kila mtu anaelewa kwamba kurusha dadu hakutasaidia. Mkulima huyo ana uwezo ambao Ororo hana: anaweza kuwakusanya watu thelathini na majembe kabla jua halijapanda.

Kwa udhaifu wa kubanwa sihitaji pango. Chini ya barabara za miwa kuna makalavati. Mtoto wa kibarua, akikimbia moto, amejibanza ndani ya moja, na maji ya mvua ya Ororo mwenyewe yameanza kupanda humo. Mtu mzima anaingia kwa tumbo tu. Hapa natumia kanuni ya Banks kama ilivyo: akisema hofu inamkwamisha, anarusha dadu la pande nne na kupokea pointi, akisema kumbukumbu ya kifusi cha Cairo ndiyo inayomsukuma aingie, dadu linakuwa la pande nane. Sijawahi kuona kanuni fupi kuliko hiyo inayobeba mambo mengi hivyo juu ya mtu mmoja.

Jambo moja gumu zaidi ni Ororo asiye na uwezo. Katika Uncanny X-Men namba 185 ya 1984, mwaka uleule mchezo wa Grubb ulipotoka, silaha iliyobuniwa na mvumbuzi Forge ilimnyang'anya nguvu zake, na mwanzoni mwa 1986, katika namba 201, bado hana kitu alipomshinda shujaa mwenzake Cyclops katika pigano la kugombea uongozi wa kikundi chao, X-Men. Karatasi iliyomweka kwenye daraja la radi haiwezi kueleza ushindi huo. Kwa hiyo kwenye karatasi yangu uongozi, wizi wa mifukoni wa utoto wake wa Cairo na kisu vinaandikwa juu, hali ya hewa inaandikwa chini yake, na kila kimoja kinaweza kukatwa bila kuvunja vingine.

Yote hayo ni ya Agosti. Masika hesabu inabadilika: uvunaji umesimama, udongo umeshiba maji, na wilaya hii inakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulipovunja kingo na kuacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi. Mchezo ukiwekwa Aprili, mvua ya ukubwa wa shamba inazaa dadu la pande kumi badala ya sita, na ile ya bonde haimo kabisa kwenye karatasi ya Ororo mpaka wachezaji wote mezani, wakiwemo wanaowachezea wakulima, waseme kwa sauti kwamba wanaikubali.